Ndege wa Wifi Kwenye Shuka Langu

Binti yangu alipokuwa darasa la kwanza, alirudi nyumbani Jumamosi moja na habari ya ndege mwenye mdomo kama mwiko. Aliingia mbio, gauni linanuka samaki wa kukaanga, akaniambia ndege huyo ni mweupe, uso mwekundu, na anatembea majini huku anakoroga, kushoto, kulia, kushoto, kulia, mpaka apate kitu cha kula. Akanionyesha kwa kichwa chake mwenyewe. Mimi nilikuwa barazani nadarizi foronya ya mteja. Nilimuuliza ni nani aliyemwonyesha. "Shangazi," akasema. Nikakata uzi kwa meno, nikamwambia akanawe miguu.

Anayetaka kujua wivu wangu ulianza lini, basi ulianza pale. Sikuuonea haya wakati ule na leo siuonei haya. Mtoto nimemzaa mimi, nimemnyonyesha mimi, homa zake nimehangaika nazo mimi, halafu ajabu ya kwanza aliyoiona duniani akaiona ameshikwa mkono na wifi.

Wifi yangu ni dada mkubwa wa mume wangu. Anakaanga samaki Feri, pale Kivukoni, tangu mimi sijaolewa. Ana sauti ya mnadani na amezaa madume matupu. Jumamosi na siku za likizo alikuwa akipita kwetu Kariakoo kumchukua binti yangu, eti nipate kupumua. Nilikubali, maana nilikuwa na mashuka ya watu na mtoto alikuwa na mikono ya kuvuta kila uzi anaouona. Asubuhi wifi anauza. Biashara ikipoa na maji yakikupwa, wanashuka ufukweni wote wawili, wanakaa juu ya ndoo walizozipindua, wanatazama ndege wanaochokoa tope. Wenzao huwapeleka watoto kwenye bembea.

Majina ya ndege hao hawakuyatoa kitabuni. Wifi aliwapa majina ya vifaa vyake. Yule mweupe akawa Mwiko. Mkubwa wa kahawia, mwenye mdomo mrefu uliojipinda kwa chini, akawa Mundu. Na kuna mdogo wa kijivu, miguu yake rangi ya chungwa, huyo akamwita Shazia, kwa ile sindano kubwa ya kushonea magunia. Kwarara peke yake ndiye aliyebaki na jina lake, kwa kuwa Feri nzima inamjua, anashinda kwenye utumbo wa samaki utadhani anauza yeye.

Basi hapo nyumbani pakawa na lugha ambayo mimi siijui. Tumekaa kwenye mkeka tunakula, wifi amekuja kumsalimia ndugu yake, binti yangu anauliza, "Shangazi, leo Mundu alikuja?" Wifi anajibu, "Alikuja, ila mmoja, mwenzake sijui kaenda wapi." "Na Shazia?" "Aa, Shazia wamejaa tele." Wanacheka. Mume wangu naye anacheka, ingawa hajui kinachochekesha. Mimi ninapakua wali ndani ya nyumba yangu kama mtu aliyekodiwa kwa shughuli. Nilipomwambia mume wangu kwamba dada yake anamzoea mtoto kupita kiasi, alinitazama kama niliyesema chumvi imezidi kwenye chai. "Si shangazi yake?" akasema. Na kweli, ni shangazi yake. Ndilo lililoniuma.

Mimi kazi yangu ni mashuka ya kudarizi. Mabibi harusi wa Mchafukoge, Gerezani na Ilala wamelalia mikono yangu, na wengine sasa wanakuja kuagiza ya binti zao. Mama yangu alinifundisha tausi wawili wanaotazamana, waridi katikati, majani pembeni. Tausi hai sijamwona kwa macho yangu. Wanasema wapo Ikulu, lakini mimi Ikulu nimepita nje tu, tena kwa miguu, na ukutani hakukuwa na tausi. Mashuka yangu yametoka hivyohivyo na hakuna mteja aliyerudi kuniambia tausi wangu wana kasoro.

Binti yangu alipovunja ungo, wifi akawa somo wake. Kwetu mama mzazi hamfundishi mwanawe mambo ya kikubwa, aibu, anatafutiwa mwanamke mwingine wa kumfunda, na huyo anakuwa naye mpaka siku ya ndoa na baada ya hapo. Mimi nilikuwa na mtu wangu moyoni, rafiki yangu wa tangu utoto. Mume wangu akasema dada yupo, watu watatushangaa. Mambo yakaisha pale. Wakawa wanajifungia chumbani, mimi niko nje na sufuria, nasikia minong'ono. Mara moja moja naisikia hiyo minong'ono imegeuka kicheko, na najua wameshafika kwa ndege.

Nikabakiwa na shuka. Hilo hakuna wa kuninyang'anya, nilijiambia. Familia yetu bado inafuata fungate ya zamani: bwana harusi anakuja kukaa siku za mwanzo kwa kina bibi harusi, na chumba wanachopewa ni cha mama, kwa sababu ndicho kizuri. Mama anahamia kwingine na haingii tena humo mpaka fungate iishe. Lakini shuka la kitanda kile lazima liwe limetoka mkononi mwake. Siku wanawake wa upande wa bwana harusi wanapoleta begi la nguo, wanaingia kukiona kitanda, wanalishika shuka, wanageuza mpaka upande wa nyuma kuona mafundo. Wifi awe na mafunzo yake yote na siri zake zote. Kitandani neno ni langu.

Mwaka jana binti yangu akaposwa. Ni mtu mzima sasa, anauza vitenge dukani Mtaa wa Kongo, na mchumba wake ana karakana ya pikipiki Buguruni. Nilikuwa nimeshanunua kitambaa cheupe, kizito, kile kinachoteleza vidoleni, na karatasi yangu ya tausi nimeshaitoa kabatini. Akaja akakaa karibu yangu barazani, akaitoa ile karatasi taratibu mikononi mwangu.

"Mama, sitaki tausi."

"Unataka nini? Njiwa?"

"Nataka ndege wa Feri."

Akatoa karatasi yake. Alikuwa ameshachora kila kitu: katikati Mwiko wawili wanakoroga, kwenye pembe Mundu, na kule shuka linakoning'inia, mstari mzima wa Shazia wanakimbia, kila mmoja ameinamisha kichwa. Mchoro mzuri, siwezi kusema uongo, mkono ameuchukua kwangu. Nilitaka kumwambia kwamba hao si ndege wa kulaliwa, ni ndege wa tope, wanakula vijidudu. Nilitaka kumwambia amemtia shangazi yake kitandani. Nikasema, "Sawa, mwanangu," kwa sababu aliponitazama alikuwa na macho yaleyale ya darasa la kwanza, na kwa mara ya kwanza alikuwa amekuja kuniambia mimi.

Nilikwenda kwa mama mmoja wa Kichaga anayeuza nyuzi karibu na Mtaa wa Narung'ombe. Tumezoeana, ananijua kwa nyekundu na kijani. Nilipomwomba kijivu, kahawia ya udongo na rangi ya tope, alivua miwani.

"Mama, hii kazi ni ya harusi au ya msiba?"

"Ya harusi. Ya binti yangu."

"Binti yako mwenyewe?" Akatikisa kichwa, akaanza kupanga vidonge vya uzi mezani. "Haya. Mimi nauza tu."

Nikaongeza uzi wa chungwa wa miguu ya Shazia, nao akanionya kwamba unachuja, nisiufue kabla ya wakati. Nikamwambia najua, na kweli nilijua.

Kosa langu nililifanya wakati wa kuhamisha mchoro kwenye kitambaa. Nilitandika karatasi ya kaboni, nikaweka mchoro wa binti yangu juu, nikaanza kufuatisha kwa penseli. Mwiko sawa. Mundu sawa. Nilipofika kwa Shazia wa kwanza nikaona binti yangu amekosea. Amemchorea mdomo uliopinda kwenda juu. Nikamtazama wa pili, naye hivyohivyo. Wote. Nikasema mtoto huyu mawazo yake yako kwenye harusi. Tangu nijue kushika sindano nimedarizi tausi, njiwa na kasuku, na hakuna hata mmoja ambaye mdomo wake unatazama mbinguni. Ndege anaokota chini, mdomo wa kwenda juu utaokota nini? Na hiyo shazia yenyewe, sindano, imepinda ncha, lakini sindano haina juu wala chini, mtu anaigeuza anavyotaka. Nikaigeuza. Sikumwambia, kama ambavyo simwambii mteja anayeniletea waridi lisilo na shina. Fundi anarekebisha kimya kimya.

Nilishona kwa majuma mengi, asubuhi barazani kukiwa na mwanga, mchana chini ya feni. Nilishona vizuri kuliko nilivyowahi kushona. Kila Shazia nilimjaza kwa uzi wa kijivu mpaka ukipitisha kiganja unausikia mgongo wake. Nilikuwa nashona huku najibu maneno ambayo hakuna aliyeniambia. Nani kakwambia siwezi ndege wako, wifi? Tazama. Umewatazama miaka yote hiyo na huwezi kumtoa hata mmoja kwenye tope ukamlaza kitandani.

Siku ya begi ilipokaribia, wifi alikuja jioni kwa mambo yake ya somo. Shuka lilikuwa limetandazwa mapajani mwangu. Aliinama, akalitazama kwa muda mrefu, na mimi nikajiweka sawa kupokea sifa.

"Mashaallah," akasema. "Mwiko huyu umempatia kweli. Na hawa wadogo huku chini ni watoto wa Mundu?"

Binti yangu alikuwa mlangoni. Akaja, akapiga magoti, akashika ukingo wa shuka.

"Hawa ni Shazia, shangazi."

"Shazia gani mdomo chini?"

Kisha likatokea lile nililolijua tangu zamani: wakatazamana, wakajaribu kujizuia, wakashindwa, wakacheka. Hawakucheka kwa ubaya. Binti yangu alinishika goti hapohapo, akasema, "Samahani, mama, ni wazuri, wabaki hivihivi." Lakini alikuwa ameshacheka.

"Mdomo unaopinda juu unaokotaje?" nikauliza kwa ukali.

Wifi akafuta machozi ya kicheko kwa upindo wa kanga. "Wifi, hujawaona tu. Kesho maji yanakupwa mchana, njoo nikuonyeshe."

"Nina kazi."

"Basi usijisumbue. Nina kijana wangu pale Buguruni anadarizi kwa mashine, ile ya kompyuta. Namtumia mchoro kwa simu, siku moja anatoa shuka zima. Hili litakaa kabatini la akiba. Wakwe wale wana maneno, wasije wakapata la kusema."

Alisema kwa nia njema, na nia yake njema ndiyo inayoniua siku zote. Shuka la mashine, limetoka Buguruni, limeletwa na wifi, litandikwe kitandani kwangu. Nilimwambia hakuna shuka litakaloingia chumba kile ila langu. Akasema sawa wifi, hasira za nini.

Kesho yake nilikwenda Feri peke yangu. Sikutaka anionyeshe. Nilijifunga ushungi mpaka karibu na macho, nikapita upande wa pili mbali na meza yake ya kukaangia, nikashuka ufukweni nikiwa na fremu yangu ya kudarizia, karatasi na penseli mkobani. Nilikuwa nimetoka mapema ili niwahi kurudi kupika. Maji yalikuwa yamejaa mpaka kwenye ngazi. Hakukuwa na tope, hakukuwa na ndege, alikuwepo kwarara mmoja juu ya pipa la taka, ananitazama kwa ile shingo yake nyeusi isiyo na manyoya. Nimezaliwa Dar es Salaam, bahari iko mwendo wa kutembea kutoka kwangu, na sijui maji yanajaa saa ngapi. Nilisimama pale kama niliyepotea stendi. Nyuma yangu nikasikia ile sauti ya mnadani.

"Wifi! Nilikwambia mchana!"

Alikuwa ameniona tangu nilipoteremka. Akanipa ndoo, akanipa kipande cha samaki changu na chachandu ya pilipili, akanikalisha pembeni ya karai lake. Nilikula kwa hasira, na changu alikuwa mtamu, nalo hilo likanikera. Adhuhuri ikapita, tukaswali, bahari ikaanza kurudi nyuma polepole na kuacha mchanga unaong'aa na vidimbwi. Wifi akamwachia mwenzake meza, akabeba ndoo mbili, tukashuka.

Walikuja wenyewe. Mundu walitangulia, wanatembea kwa heshima, wanatumbukiza ule mdomo wote kwenye shimo la kaa na kuuzungusha kama mtu anayetafuta funguo chini ya kabati. Halafu wifi akanigusa bega. "Wale."

Walikuwa wadogo kuliko nilivyowashona. Walikimbia hovyo, vichwa chini, wanakata kona ghafla, mmoja anakwenda huku mwingine kule, miguu ya chungwa haionekani kwa mbio. Na mdomo ulikuwa juu. Mwembamba, mrefu, umeinuka kwenye ncha, wazi kabisa, hata mimi mwenye macho ya kuazima miwani niliuona. Kwa kuwa anainama sana akikimbia, ile ncha iliyoinuka inapita sambamba na tope badala ya kuchoma. Mmoja akamnasa kaa mdogo mbele yetu, akaenda naye mpaka kwenye dimbwi, akamsuuza kwanza, ndipo akammeza.

"Umemwona?" wifi akanong'ona. "Anaosha chakula. Binti yako alikuwa akimwona hivyo anasema, huyu kalelewa na mama."

Nilitaka kufurahi. Nadhani kama angeishia hapo ningefurahi. Lakini wifi hajui kuishia. Akanyoosha miguu, akatabasamu peke yake, akasema, "Hapa hapa ndipo aliponieleza habari za huyu mchumba. Alikuwa amekaa hapo ulipokaa."

"Lini?"

"Mwezi wa mfungo ulikuwa haujaandama bado."

Mimi niliambiwa baada ya Idi. Mwezi mzima na zaidi, wifi alikuwa akija kwangu, tunafuturu sahani moja, anaijua habari ya mwanangu, mimi siijui. Ndege walikuwa wazuri, jua lilikuwa zuri, na mimi nilikaa juu ya ndoo ya mtu. Niliwaonea wivu wote wawili kwa kila mchana waliokaa pale. Hata hao ndege niliwaonea wivu, kwa kuwa wamemsikia mwanangu kabla yangu. Nikatoa penseli, nikachora mdomo mmoja uliopinda juu, vizuri, mara moja bila kufuta, nikainuka. Wifi akasema nisubiri, Mwiko huenda akaja. Nikamwambia Mwiko nilimpatia tangu mwanzo.

Nyumbani nilichukua wembe, nikaanza kufumua. Kufumua ni kazi mbaya kuliko kushona. Unakata uzi kwa nyuma, unauvuta kidogo kidogo, ukikosea unatoboa kitambaa na umepoteza yote. Midomo ya chini ikatoka, mmoja baada ya mwingine, nikaanza kuweka ya juu. Lakini kitambaa kizito kina kumbukumbu. Kila mahali sindano ilipopita, tundu likabaki, na kwa kuwa ni cheupe na kinang'aa, ukikiinamia karibu unaona. Kila Shazia akawa na mdomo mmoja wa uzi unaotazama juu na mwingine wa matundu unaotazama chini. Dawa yake ni kufua, lakini ule uzi wa chungwa ungechuja na kulichafua shuka zima. Dawa ya pili ni kulowesha kidole kwa mate, kusugua, kisha kukwangua kwa ukucha taratibu mpaka nyuzi za kitambaa zijifunge. Inakubali, ila inataka muda, na muda ulikuwa umeniishia. Siku yenyewe ya begi nilikuwa bado naweka mdomo wa mwisho, wali uko jikoni na watu wameshaanza kusogeza viti, wifi aliposimama mbele yangu na kunyoosha mikono.

"Lete shuka, wifi. Wakwe wameshatoka Buguruni."

"Nina matundu ya kufunga."

"Lete tu."

Nilimfuata mpaka mlango wa chumba changu. Kitanda ni changu, kabati ni langu, pazia nimelishona mimi. Kizingitini akageuka, akaniwekea kiganja kifuani, kwa upole.

"Hapa mwisho, wifi."

Ni mila, ninaijua, nami ningemfanyia hivyo mtu mwingine. Pazia likashuka. Binti yangu alikuwa ndani, alishawekwa humo tangu juzi na somo wake, hatoki. Nilibaki ukumbini na sindano yangu ina kipande cha uzi wa kijivu. Feni ya chumbani ilikuwa inazunguka, na kila ikigeukia mlangoni, pazia linainuka kidogo. Sikuondoka. Mtu asinilaumu.

Walitandika. Wakalivuta shuka pembe zote mpaka likanyooka. Halafu wifi, ambaye hajawahi kushika sindano ila ya magunia, akapiga magoti kule linakoning'inia. Akalamba kidole. Akasugua kwa Shazia wa kwanza, akakwangua kwa ukucha, akasogea kwa wa pili. Binti yangu alikuwa amechutama pembeni yake anamwelekeza, "Taratibu, shangazi, usivute, mama huwa anazungusha." Vichwa vyao vilikuwa vinagusana. Kosa langu lilikuwa linafunikwa na mate ya wifi, kwa mbinu yangu mwenyewe, chumbani kwangu, na mimi niko nje. Nilidhani nimeshaujua wivu wote, kumbe kulikuwa na mwingine nilikuwa sijaufikia. Nilitaka kuingia nimpokonye hata kazi ya kunisitiri.

Nje nikasikia vigelegele, wakwe wamefika kona ya mtaa. Wifi akaharakisha. Alikuwa amebakiza mmoja, yule wa mwisho kabisa karibu na ukuta. Akalamba kidole.

"Huyo muache, shangazi," binti yangu akasema.

"Ana midomo miwili huyu, mwanangu. Wataona."

"Waone. Huyo wa mama."

Kidole cha wifi kilibaki hewani na mate yake. Alimtazama binti yangu, kisha akamtazama yule ndege, kisha tena binti yangu, ambaye hakuwa anamwangalia, alikuwa anapitisha kidole chake juu ya yale matundu kana kwamba anayasoma. Nikaona midomo ya wifi inajikaza na macho yanakuwa madogo. Akajifanya anapangusa magoti. Uso ule naujua, nimeuvaa miaka mingi kwenye nyumba hii, ila sikuwahi kuuona kwa mtu mwingine.

Nilimwonea huruma. Kidogo tu. Kisha nikaichomeka sindano kwenye upindo wa kanga yangu, nikaenda kuwafungulia wakwe mlango.